Kadi ya benki yenye maili za ndege: piga hesabu kabla ya kutia sahihi

Siku hizi ukiingia duka kubwa lolote la Nyali mwisho wa mwezi, hukosi kumkuta kijana aliyevaa fulana ya benki, ana meza yake na fomu zake, anakuita: "Karibu mkubwa, tuna kadi inayokupa maili za ndege." Wengi hupita. Wengine huketi, na baada ya siku mbili tatu huja ofisini kwangu, kwa sababu kazi yangu ni kukata tiketi hapa Mombasa, na huuliza swali lile lile: kadi gani iliyo nzuri?

Mimi huwajibu kwa maswali mawili. Wewe husafiri kwenda wapi, na madeni yako hulipa lini? Ukiweza kunijibu hayo mawili bila kusitasita, basi nusu ya kazi imekwisha. Usipoweza, kadi yoyote utakayochukua itamnufaisha aliyekupa kuliko wewe.

Tuanze na maili yenyewe. Tusidanganywe na jina, maili hizi hazipimi umbali tena. Ni pointi tu, kama zile Bonga Points tunazozijua sote kwenye simu. Shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wake wa AAdvantage mwezi Mei 1981, na wakati huo kweli mtu alihesabiwa maili alizoruka. Wenzake wakafuata upesi. Kufikia 1987 benki ya Citibank ilikuwa imetoa kadi ya mkopo iliyompa mtu maili za American bila ya kupanda ndege kabisa, kwa kununua vitu tu. Tangu siku hiyo maili imekuwa ni bidhaa. Shirika la ndege linaiuza, benki inainunua, na benki inakugawia wewe ili upende kuitumia kadi yake.

Msomaji anaweza kuuliza, benki inapata wapi pesa za kununulia? Kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni mwenye duka. Kila ukilipa kwa kadi, muuzaji hapokei pesa zote. Hukatwa asilimia fulani, na sehemu ya makato hayo inarudi kwa benki iliyokupa kadi. Wa pili ni ada ya mwaka unayolipa wewe. Wa tatu, na ndio mnono, ni riba ya wale wanaochelewa kulipa. Kwa hivyo mtu anayelipa deni lake lote kila mwezi na kupanda ndege bure, nauli yake imechangiwa na jirani yake anayelipa kidogo kidogo. Biashara hii si ndogo. Mwaka 2024 Delta ya Marekani ilipokea dola bilioni 7.4 kutoka kampuni ya American Express peke yake, kwa ajili ya kadi wanazozitoa pamoja.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini shemeji yako aliye Marekani hujisifu kila akija likizo. Kule makato ya mwenye duka ni makubwa, na benki zinagombania wateja. Kadi kama Chase Sapphire Preferred, yenye ada ya dola 95 kwa mwaka, imewahi kutoa bonasi ya pointi kama 60,000 kwa mteja mpya aliyetumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Bonasi ya namna hiyo yatosha kukata sehemu kubwa ya nauli ya kuja nyumbani. Ulaya mambo ni mengine, kwa kuwa tangu Disemba 2015 sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa ada inayorudi benki kwenye kadi za mkopo, na Uingereza haikuiondoa sheria hiyo hata ilipojitoa kwenye Umoja. Mfuko umepungua, na zawadi zimepungua. Sisi huku soko letu la kadi za mkopo ni dogo, na bonasi za kujiunga za kimarekani usizitarajie. Basi usichukue hesabu ya shemeji ukaileta Kisauni.

Sasa swali la kwanza, wasafiri wapi. Hili watu wa Pwani tunalipuuza, kwa sababu matangazo mengi huandikwa na watu wa Nairobi kwa watu wa Nairobi. Mtu wa Nairobi ana ndege za kila namna pale Jomo Kenyatta. Wewe ukitaka kutoka Moi bila kupitia Nairobi, una njia chache. Kuna Ethiopian kupitia Addis Ababa. Kuna Turkish kupitia Istanbul. Na tangu Januari 2024 kuna flydubai ya kwenda Dubai moja kwa moja. Ukitaka Kenya Airways, utaunganisha Nairobi. Maili za shirika ambalo halikubebi kutoka mji wako zina gharama iliyojificha: tiketi ya Nairobi au treni, hoteli ya usiku mmoja ikibidi, na uchovu wa kuburura masanduku na watoto. Hiyo itie kwenye hesabu.

Lakini pia usiangalie jina la ndege peke yake, angalia na ndugu zake. Ethiopian na Turkish wote wamo katika muungano wa Star Alliance. Maana yake ni kwamba ukiwa na namba ya ShebaMiles ya Ethiopian, unaweza kuitoa unapopanda Turkish ukahesabiwa maili kule kule, mradi aina ya tiketi inakubaliwa. Mashirika mawili yanayotoka Mombasa, mfuko mmoja. Flydubai nayo inatumia mpango wa Skywards wa Emirates, kwa hivyo safari ya Mombasa kwenda Dubai, na safari ya kutoka Dubai kwenda kokote kule kwa Emirates, zinaingia chungu kimoja. Kwa wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai mara nne au tano kwa mwaka, na wengine kuendelea mpaka Guangzhou, hilo ni jambo la maana. Na Kenya Airways wamo SkyTeam pamoja na Saudia, basi mwenye kwenda Jidda mara kwa mara ana sababu ya kuangalia upande huo.

Kuhusu Kenya Airways kuna somo jingine. Kwa miaka mingi shirika letu lilikuwa ndani ya Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Mwaka 2021 likaanzisha mpango wake lenyewe, Asante Rewards. Aliyekuwa amejiwekea maili Flying Blue kwa nia ya kuruka na KQ alilazimika kuanza kujifunza upya: namba mpya, kanuni mpya, hesabu mpya. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Nasema kwamba maili si pesa zako. Zimo katika daftari la mtu mwingine, na kanuni za daftari huandikwa naye. Delta iliondoa jedwali lake la bei za maili mwaka 2015, United ikafanya vivyo hivyo 2019, na tangu hapo kiti kilichokuwa cha maili kadhaa jana chaweza kuwa cha maradufu leo. Wale waliolalamika mwaka 2022, Safaricom ilipotangaza kuzifuta Bonga zilizokaa zaidi ya miaka mitatu, wanalijua vizuri jambo hili.

Basi tuje kwenye hesabu, maana ndipo penye mambo. Namba nitakazotumia ni za mfano tu. Wewe badili utie za kadi unayoonyeshwa.

Kwanza, tafuta thamani ya maili moja. Chukua safari unayokwenda kweli, tuseme Mombasa na Dubai, kwenda na kurudi. Tuseme tiketi kwa pesa taslimu ni shilingi 60,000. Tuseme shirika linataka maili 30,000 kwa kiti hicho hicho. Watu wengi husimama hapo wakasema: maili 30,000 ni sawa na shilingi 60,000, yaani shilingi mbili kila maili. Sivyo. Kiti cha maili si cha bure. Utalipa kodi za uwanja wa ndege, na mashirika mengine huongeza ada yao wenyewe wanayoiita ya mafuta au ya shirika. British Airways wana sifa mbaya katika hilo. Tuseme ada zote hizo ni shilingi 18,000. Basi maili zako zimekuokolea 42,000, si 60,000. Gawa kwa 30,000, unapata shilingi moja na senti 40 kwa maili moja. Hiyo ndiyo bei yake.

Pili, angalia unazichuma kwa kasi gani. Tuseme kadi inakupa maili moja kwa kila shilingi 150, na unaweza kupitisha kwenye kadi shilingi 100,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 1,200,000, na maili ni 8,000. Zidisha kwa 1.40, utapata 11,200. Ondoa ada ya mwaka, tuseme 10,000. Umebaki na faida ya shilingi 1,200 kwa mwaka mzima.

Shilingi mia moja kwa mwezi. Ndiyo faida ya mtu ambaye hakukosea hata siku moja.

Tatu, na hapa ndipo wengi hawafiki, angalia muda. Kwa maili 8,000 kwa mwaka, kuzifikia 30,000 kutakuchukua miaka mitatu na miezi tisa. Sasa maili za mashirika mengi tunayoyatumia sisi huishi miaka mitatu. Za Skywards kwa kawaida huisha hivyo. Kwa hivyo kabla hujaifikia tiketi yako, maili za mwaka wa kwanza zimeanza kufa. Unajaza maji kwenye mtungi uliotoboka chini. Avios, ambazo Qatar Airways wanazitumia tangu Machi 2022 pamoja na British Airways, zina kanuni ya upole zaidi: haziishi mradi akaunti isikae miezi 36 bila kuongezwa wala kutumiwa chochote. Kwa mchumaji wa polepole, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya maili moja kwa shilingi 150 au kwa 120. Yule kijana wa mezani hatakwambia, si kwa ubaya, bali hakufunzwa.

Ndiyo maana nikiulizwa kati ya kadi yenye jina la shirika la ndege na kadi yenye pointi za benki zinazoweza kugeuzwa maili, kwa mtu wa kawaida huelekea kwenye ya pili. Pointi za benki zikikaa benki, hujafungwa na shirika moja. Ethiopian wakiwa na nauli nzuri mwaka huu, unazipeleka huko ikiwa benki yako inaruhusu. La, unazigeuza kuwa vocha za duka au unapunguzia deni. Lakini uliza kiwango cha kugeuza. Benki itakupigia debe kwamba inakupa "pointi mbili kwa kila shilingi 100", halafu ukaja kuona pointi tatu ndizo zinazozaa maili moja. Uliza pia kama kuna kiwango cha chini cha kugeuza, na inachukua siku ngapi, kwa sababu kiti cha maili hakikusubiri wewe. Kiti kikiwapo leo, kesho mwenzako amekichukua.

Sasa hizo shilingi 100,000 kwa mwezi zatoka wapi? Hili ndilo swali la Pwani hasa. Hebu angalia matumizi ya nyumba zetu. Sokoni Marikiti unalipa taslimu au M-Pesa. Muuza samaki ni M-Pesa. Karo ya shule ni paybill. Kodi ya nyumba unamtumia mwenyewe kwenye simu. Stima ni paybill, maji ni paybill, tuktuk ni sarafu. Hata mpishi wa biriani ya arusi, ambaye bili yake peke yake ingetosha kukupa maili nyingi, ukimtolea kadi atakutazama kama umemtukana. Kinachobaki cha kadi ni duka kubwa, petroli, tiketi za ndege, hoteli, na manunuzi ya mtandaoni. Ukusanye hayo ya miezi mitatu iliyopita kwenye karatasi kabla ya kujaza fomu. Wateja wangu wengi wakifanya hivyo hukuta hawafiki hata shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, mfano wetu wa juu unakuwa hasara ya wazi: maili 2,400 kwa mwaka, zenye thamani ya shilingi 3,360, kwa ada ya 10,000.

Na usijaribu ujanja wa kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye ATM ukazitia M-Pesa. Pesa taslimu zinazotolewa kwa kadi ya mkopo kwa kawaida hazina maili, zina ada ya kutolea, na riba yake huanza siku ile ile.

Tumefika kwenye riba. Kadi ya mkopo huwa na muda wa neema. Ukinunua kitu leo, huandikwa katika taarifa ya mwezi, kisha unapewa siku kadhaa za kulipa. Ndiyo maana benki husema "hadi siku 50 bila riba". Neno kubwa hapo ni "hadi". Ukinunua siku moja baada ya taarifa kutoka, una siku nyingi. Ukinunua siku moja kabla, una chache. Na neema hiyo ni ya anayelipa deni lote. Taarifa itakuonyesha namba mbili, deni zima na malipo ya chini kabisa. Hiyo ya pili imewekwa pale ikupendeze macho. Ukiilipa hiyo tu, hutaripotiwa kuwa umeshindwa kulipa kwa mashirika ya taarifa za mikopo, lakini riba inakimbia.

Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Inasikika ndogo. Kwa mwaka ni 36, hata kabla riba haijaanza kuzaa riba. Turudi kwa yule mtu wetu wa faida ya shilingi 1,200. Mwezi mmoja tu akichelewesha shilingi 50,000, riba ni 1,500. Faida ya mwaka mzima imekwenda, na mia tatu juu. Mwezi wa Ramadhani na Idi, nguo za watoto na wageni, au Januari wakati wa karo, nani kati yetu hajui jinsi shilingi 50,000 zinavyoweza kukosekana?

Kwa jamii yetu riba ina upande wa pili, nao hauhusiani na hesabu. Nimewasikia watu wakisema: mimi nalipa kabla ya siku, riba sijawahi kutoa, basi hapana neno. Jambo hili limejadiliwa na wanazuoni kwa kina. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 mjini Riyadh mwaka 2000, lilitoa uamuzi kwamba kadi ya mkopo iliyoshurutisha riba haifai kutolewa wala kutumiwa, hata kama mwenye kadi ameazimia kulipa ndani ya muda wa neema. Hoja iko kwenye mkataba wenyewe unaoutia sahihi. Wapo wanazuoni walioruhusu kwa mwenye haja na mwenye uhakika wa kulipa. Mimi ni mkata tiketi, si mufti, kwa hivyo jambo hilo lipeleke kwa sheikh wako, na ukienda, nenda na mkataba mkononi, usiende na kipeperushi cha rangi. Kwa asiyetaka kabisa kuingia huko, iulize benki ya Kiislamu unayoiamini kuhusu kadi isiyo na sharti la riba, au kadi ya kulipa kutoka akaunti yako mwenyewe. Maili zitakuwa chache au zisiwepo. Lakini hesabu yetu ya juu imeshaonyesha kuwa hupotezi mali nyingi.

Jambo la fedha za kigeni nalo lina mtego wake. Ukilipa Dubai au Istanbul kwa kadi ya shilingi, benki inabadilisha kwa bei yake, na mara nyingi huongeza asilimia kadhaa juu. Ukinunua bidhaa za shilingi laki moja, nyongeza ya asilimia 3 ni shilingi 3,000, na maili ulizopata, kwa mfano wetu, ni 666, zenye thamani ya shilingi 932. Umenunua maili kwa zaidi ya mara tatu ya bei yake. Halafu kuna ile mashine dukani inayokuuliza kwa adabu: je, ungependa kulipa kwa shilingi za Kenya? Kataa. Chagua dirham, chagua lira, chagua fedha ya nchi uliyomo. Ukichagua shilingi, bei ya kubadilisha inapangwa na upande wa mwenye mashine, na mara nyingi ni mbaya kuliko ya benki yako.

Baada ya yote hayo, je, kuna mtu anayefaa kuchukua kadi hizi? Yuko. Nina wateja wa Biashara Street wanaonunua mizigo ya mamilioni kwa mwaka, wauzaji wao wanakubali kadi bila kuongeza bei, deni wanalipa lote kila mwezi kwa sababu pesa tayari zimo dukani, na wanaruka mara kwa mara. Kwa hao, maili zinafika kwa wakati kabla hazijafa. Ada ya mwaka inakuwa si kitu. Na wao hawazitumii maili kwa tiketi ya bei rahisi ya Dubai. Wanazitumia kupandishwa daraja katika safari ndefu ya Guangzhou, ambako maili moja huweza kuwa na thamani kubwa zaidi kuliko kwenye kiti cha nyuma. Wengine wenye kufaa ni wenye kazi za mashirika, wanaolipa hoteli na tiketi kwa kadi yao na kurudishiwa na mwajiri. Hapo maili ni zao na gharama ni ya mwingine.

Wengine sote, tuanze na kile kisicholipiwa. Kujiunga na mpango wa maili wa shirika la ndege hakuhitaji kadi yoyote ya benki. Ni bure, dakika tano kwenye simu. Nashangaa kila mwaka kuona familia ya watu watano ikienda kwa ndugu zao London kwa tiketi za laki kadhaa, na hapana hata mmoja aliye na namba ya uanachama. Safari moja kama hiyo huleta maili nyingi kuliko mwaka mzima wa kupitisha kadi dukani. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana majina yetu ya Mohamed yameandikwa kwa namna kumi, na kompyuta haijui kuwa ni mtu mmoja. Emirates wanaruhusu familia kuunganisha maili zao katika kapu moja, basi maili za watoto zisipotee ovyo. Kama ulisafiri juzi bila namba, mashirika mengi hukubali kudai maili za nyuma kwa miezi kadhaa ukiwa na namba ya tiketi na kipande cha pasi ya kupandia, kwa hivyo usikitupe. Ila tiketi za vikundi, zikiwemo nyingi za umra, mara nyingi hazihesabiwi. Uliza kabla, usije ukamgombeza wakala bure.

Na kwa aliye na kadi tayari na anataka kuirudisha, afuate utaratibu. Pointi zilizo kwenye daftari la benki hufa siku kadi inapofungwa. Zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akaunti yako ya shirika la ndege hubaki kwa muda wake. Kwa hivyo hamisha kwanza, subiri uzione kwa macho yako upande wa pili, lipa deni hadi sifuri, halafu andika barua ya kufunga na uombe jibu la maandishi kwamba kadi imefungwa na hudaiwi kitu. Kuikata kadi kwa mkasi na kuitupa hakuifungi. Ada ya mwaka itaandikwa tena, itazaa riba, na utaijua siku utakapokwenda kuomba mkopo wa kitu kingine ukaambiwa jina lako limo CRB kwa shilingi elfu chache.